Umeshinda Kesi, Utakazia Wapi?



Wengi wenu mnakumbuka mwezi Agosti 2019. Ndege ya Air Tanzania, Airbus A220-300 ambayo bado ilikuwa inanukia upya, ilikuwa uwanja wa O.R. Tambo, Johannesburg, ikijiandaa kurudi Dar es Salaam. Haikurudi. Mahakama moja ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa amri ishikiliwe. Aliyeomba amri hiyo ni mkulima aliyekuwa akiidai Serikali ya Tanzania fidia ya mali zake zilizochukuliwa miaka ya 1980. Alikuwa amelipwa sehemu, akawa anadai salio na riba, jumla dola za Marekani zipatazo milioni 33. Huku nyumbani zogo likawa kubwa. Vijiweni watu walilaumu makaburu, wengine wakafika mpaka nje ya ubalozi wa Afrika Kusini na mabango. Mawakili wa Serikali wakaenda kubishia mamlaka ya mahakama ile, na tarehe 4 Septemba amri ikaondolewa, ndege ikaachiwa. Lakini Novemba mwaka huo huo deni lile lile likaifuata ndege nyingine, Bombardier Q400, ikiwa bado iko Canada haijakabidhiwa.

Katika kelele zote zile kuna swali moja ambalo halikupata nafasi. Deni ni la Tanzania, mali zilizochukuliwa zilikuwa Tanzania, mdaiwa yuko Tanzania. Kwa nini mdai aende kukamata kitu Johannesburg?

Jibu lake ni la kisheria, wala halina uchawi. Hapa kwetu, dalali wa mahakama anaweza kuja na karatasi yake akachukua gari langu, makochi yangu, hata jenereta ya dukani. Mali ya Serikali hawezi kuigusa. Sheria ya mashauri dhidi ya Serikali inakataza, na Kenya nao wana kifungu cha namna hiyo hiyo. Ukiishinda Serikali mahakamani unapewa hati, unaipeleka kwa mlipaji, kisha unasubiri. Unaweza kusubiri mpaka wajukuu waje kuuliza hati hiyo ilikuwa ya nini. Basi mdai mwenye mawakili wazuri na subira iliyokwisha anatazama nje: je, huyu ninayemdai ana kitu gani kinachovuka mpaka? Ndege inavuka mpaka kila siku.

Nimeanza na ndege kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mtu wa kawaida halifikirii mpaka limfike. Sisi tunapozungumza kesi tunauliza nani ana haki. Kesi inapovuka mpaka, swali hilo mara nyingi hata halifikiwi. Miaka inakwisha watu wakibishana ni mahakama gani isikilize, na kwa sheria ya nchi gani. Hukumu ikitoka, ubishi mwingine unaanza: itakaziwa wapi, yaani itatekelezwa wapi? Na mimi leo nitasema wazi ninachoamini. Ubishi huo wa mwanzo, ambao mawakili wanauita pingamizi la awali, ndiyo kesi yenyewe. Mwenye fedha anajua hivyo. Mnyonge huja kujua akiwa amechelewa.

Twende Kericho, kwa sababu huko jambo hili limeonekana kwa ukamilifu kuliko mahali pengine popote ninapopajua katika ukanda wetu.

Mchumaji wa chai anaingia shambani asubuhi na kikapu mgongoni. Anachuma majani mawili na chipukizi, anatupa nyuma ya bega, anachuma tena, anapanda mteremko, anashuka. Kikapu kinazidi kuwa kizito, yeye kiuno kimepinda, na malipo yanafuata mizani. Fanya hivyo kwa miaka mingi. Wachumaji saba wa kampuni ya James Finlay (Kenya) walisema migongo yao imeharibika kwa kazi hiyo, na kwamba mwajiri hakuchukua hatua za kuwakinga. Kampuni ilikana dai lao. Mpaka hapo ni kesi ya kazini kama zile zinazosikilizwa Kericho na Kisumu kila juma.

Ila wachumaji wale hawakwenda Kericho wala Kisumu. Walikwenda Edinburgh, Uskoti, kwenye mahakama kuu ya madai ya huko. Utashangaa: mchumaji wa Kericho na Edinburgh wapi na wapi? Uhusiano upo kwenye karatasi. Kampuni ile, pamoja na jina lake lenye neno Kenya na mashamba yake yaliyoko Kenya, iliandikishwa Uskoti na ofisi yake ya usajili ilikuwa Aberdeen. Na kanuni ya zamani kuliko zote katika mambo haya ni kwamba mshitaki afuate mshitakiwa nyumbani kwake. Nyumbani kwa kampuni ni pale ilipoandikishwa. Kwa hiyo saba wale hawakuwa wameruka dirishani. Baadaye idadi ya wadai ilipita 1,000, kesi ikageuka kuwa ya kundi.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye uchungu pia.

Mahakama ya Edinburgh ilitaka kujua kazi yenyewe ikoje. Mteremko ni mkali kiasi gani, kikapu kina uzito gani kikijaa, mtu anainama mara ngapi. Ikatoa amri wataalamu waruhusiwe kuingia kwenye mashamba ya Kericho kukagua na kupima. Kampuni badala ya kufungua geti ikakimbilia mahakama ya ajira Nairobi, ikasema amri ya mahakama ya kigeni haiwezi kutekelezwa kwenye ardhi ya Kenya hivi hivi tu. Nairobi ikakubali ikaweka zuio. Hebu tazama picha hiyo: kampuni ya Uskoti inaomba hifadhi ya mahakama ya Kenya dhidi ya mahakama ya Uskoti, na wanaozuiwa ni Wakenya.

Shauri likapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya, na mwaka 2023 majaji wakatoa uamuzi wao. Walisema amri za mahakama za nje hazipati nguvu Kenya zenyewe kwa zenyewe. Lazima mahakama ya Kenya izitazame kwanza na kuzikubali. Mahakama ya Edinburgh kama ilitaka ukaguzi ufanyike Kericho, ilipaswa kuandika barua ya maombi kwa mahakama ya Kenya, nayo Kenya ingesaidia kwa utaratibu wake. Jirani hata kama ana sababu nzuri, hatumi watu waje kupima chumba chako bila kubisha hodi. Wachumaji wakashindwa.

Kisheria, mimi sina ugomvi na uamuzi ule. Nchi yenye historia kama ya Kenya, ambayo kwa miongo mingi iliamuliwa mambo yake kutoka ng'ambo, haiwezi kuruhusu jaji aliyeko Edinburgh aamuru geti la Kericho lifunguliwe kana kwamba gavana bado yupo. Heshima kati ya mahakama na mahakama ni kitu cha maana, na bila hiyo tungekuwa na majaji wa nchi kubwa wakiamrisha dunia nzima. Ninachosema ni kwamba heshima ile ilikuwa na bei, na waliolipa bei si majaji wala kampuni. Mtu aliyekuwa anaumwa kiuno amri ya ukaguzi ilipotolewa, aliendelea kuumwa kiuno muda wote majaji walipokuwa wanajadiliana nani abishe hodi kwa nani.

Na vuta nikuvute haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 2022 Nairobi ilipotoa amri ya kusimamisha kesi ya kundi, Edinburgh nayo ikatoa amri yake ya kuizuia kampuni isiendelee kuishambulia kesi ile kupitia Nairobi. Mahakama mbili, kila moja inamwambia mtu asiende kwa mwenzake. Nakuhakikishia, msikilizaji, hili si jambo la ajabu katika kesi za aina hii. Lilitokea hata kwa kesi ya kwetu Tarime. Mwaka 2013 familia za watu waliodaiwa kuumizwa au kuuawa kwenye mgodi wa North Mara zilifungua shauri London dhidi ya African Barrick Gold na kampuni yake tanzu ya mgodi. Kampuni tanzu ikaanza harakati zake katika mahakama za Tanzania, na jaji wa London akaizuia isiendelee nazo. Madai yenyewe kampuni ziliyakana. Mwaka 2015 wakamalizana nje ya mahakama, kwa hiyo hatujapata hukumu ya jaji ya kutuambia nani alikuwa mkweli. Kesi nyingi za mipakani huishia hivyo hivyo. Nani apokee kesi huamuliwa, halafu pande zote mbili zinakaa mezani, kwa sababu baada ya hapo kila mmoja anajua nguvu ya mwenzake.

Turudi Kericho tumalize. Mwishoni mwa 2023 majaji wa rufani wa Uskoti waliamua jambo ambalo linastahili kusomwa taratibu. Walisema, ndiyo, tunayo mamlaka ya kusikiliza kesi hii. Lakini Kenya ina sheria yake ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, inayompa mfanyakazi njia ya kudai kupitia mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na asiporidhika akate rufani mahakama ya ajira. Njia hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Basi kesi ya Edinburgh ikasimamishwa, haikufutwa, wadai waende kwanza nyumbani. Ikionekana huko haki haipatikani, mtu anaweza kurudi kuomba kesi iamshwe.

Ukiwa kwenye kiti cha jaji unaona busara. Ukiwa kwenye kibanda cha mchumaji unaona umezungushwa Kericho mpaka Edinburgh, ukaambiwa rudi Kericho.

Utaniuliza, kwa nini basi wahangaike hivyo? Si wangefungua hapo hapo tangu mwanzo? Jibu lipo kwenye kesi ya majirani zetu wa Zambia, na nadhani ni jibu ambalo viongozi wetu hawapendi kulisikia.

Huko Chingola, kwenye ukanda wa shaba, wakazi 1,826 walidai kwamba mgodi wa Nchanga umechafua maji wanayotumia kwa kunywa na kumwagilia. Walishitaki kampuni ya Zambia, Konkola Copper Mines, pamoja na kampuni mama yake, Vedanta, iliyokuwa na makao Uingereza. Vedanta ikasema: maji ni ya Zambia, mashahidi ni Wazambia, sheria itakayotumika ni ya Zambia, basi kesi iende Zambia. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikajibu. Kwanza ikakubali kwamba kwa vigezo vya kawaida Zambia ndiyo mahali pake. Haikusema majaji wa Zambia wanakula rushwa wala hawajui kazi. Ikasema kitu kingine kabisa: watu hawa ni maskini mno, kesi ni kubwa na ya kitaalamu, msaada wa kisheria wa serikali hawataupata, na Zambia hairuhusu wakili kufanya kazi kwa makubaliano ya kulipwa tu pale atakaposhinda. Tena mawakili wenye timu na uzoefu wa kubeba kesi ya ukubwa ule, na walio tayari kuibeba kwa mteja asiye na kitu, hawapatikani. Haki iliyopo kwenye vitabu ingekosa mtu wa kuifuata. Kwa hiyo kesi ikabaki London, na Januari 2021 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama, kampuni bila kukiri kosa.

Sasa tusijidai kwamba hilo ni la Zambia tu. Kenya pia sheria ya mawakili inakataza makubaliano ya "tukishinda tugawane". Makatazo hayo yana sababu, maana yanamlinda mteja asinyonywe na wakili mwenye tamaa. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanakijiji mwenye kesi ya kweli dhidi ya kampuni kubwa hana wa kumbebea gharama, na wakili wa London anayeruhusiwa na sheria za kwao anakuja na ndege, anakaa chini ya mwembe, anaandikisha wateja. Halafu tunalalamika kwamba kesi zetu zinasikilizwa na wageni. Zinasikilizwa na wageni kwa sababu sisi hatujaweka utaratibu wa kuzisikiliza.

Na wala usidhani ukifika London umefika peponi. Watu 218, wafanyakazi na jamaa za wafanyakazi wa shamba la chai la Unilever, pia Kericho, walioshambuliwa kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, walikwenda huko kuishitaki kampuni mama. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikasema kampuni mama haikuwa ikiendesha mambo ya shamba lile kwa kiasi cha kuwajibika kwa usalama wao. Safari ikaishia hapo. Hii kampuni mama na kampuni tanzu ni elimu ya peke yake: faida inapanda juu bila tatizo, lakini lawama ikijaribu kupanda inaambiwa ionyeshe nyaraka za kila ngazi.

Niseme sasa kuhusu jambo linaloniletea matumaini kidogo, nalo liko Nairobi.

Mwaka 2022 kijana aliyekuwa akikagua maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya wakala jijini Nairobi alifungua kesi mahakama ya ajira. Kazi ya wakaguzi wa aina hiyo ni kutazama kutwa picha na video za watu wanaochinjwa, watoto wanaodhalilishwa, ili mimi na wewe tusizione. Alisema kazi ile imemwachia majeraha ya akili na mazingira yalikuwa mabaya. Alimshitaki wakala, akaishitaki na Meta yenyewe, mwenye Facebook, iliyoko California. Meta ikaja na ile silaha ya siku zote: sisi hatukuandikishwa Kenya, hatuna ofisi Kenya, hatufanyi biashara Kenya, mahakama hii haina mamlaka juu yetu. Februari 2023 jaji akakataa kuiondoa kwenye kesi. Wakaguzi wenzake zaidi ya 180 nao wakafungua shauri lao kuhusu kufukuzwa kazi. Meta ikakata rufani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema inaweza kushitakiwa pale pale. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaenda mbele zaidi. Ikakubali kusikiliza shauri la Waethiopia wanaodai kwamba mitambo ya Facebook ilisambaza chuki wakati wa vita vya kwao na watu wakafa. Ukaguzi wa maudhui ya eneo hilo ulikuwa ukifanyika Nairobi, na hicho ndicho kilichowapa pa kuingilia.

Kwa hiyo madhara yanadaiwa kutokea Ethiopia, kampuni iko Marekani, jaji yuko Nairobi. Miaka ishirini iliyopita tungesema jaji huyo anaota. Bado hajaamua kwamba Meta ina hatia, wala sisi tusimwamulie. Lakini kwa mara moja mtu wa kwetu hakulazimika kupanda ndege kwenda kutafuta mahakama. Linalonitia wasiwasi ni kile nilichoanza nacho. Siku hukumu ikitoka, na ikiwa ni ya kulipa, itakaziwa wapi? Sehemu kubwa ya mali za kampuni ile haiko Kenya. Huenda mtu akashinda Nairobi kisha akaanza safari ya California na hukumu yake mkononi.

Tuwaache wakubwa, tuje kwa mfanyabiashara wa kawaida, anayepeleka mchele Goma au anayeleta mitumba kutoka Kampala. Mtu wa Nairobi amekula fedha zako, umemshinda mahakamani Dar es Salaam. Unaweza kuikaza hukumu hiyo Nairobi? Unaweza, na si vigumu kama watu wanavyotishwa. Kenya ina sheria ya kutambua hukumu za nchi zenye makubaliano nayo, na Tanzania imo. Unaiandikisha hukumu yako Mahakama Kuu ya Kenya ndani ya miaka sita, na nakala iliyothibitishwa na kiapo. Mdaiwa anapewa nafasi ya kupinga, lakini hapewi nafasi ya kuanza kesi upya. Anaweza kusema hakupewa wito, au mahakama iliyoamua haikuwa na mamlaka, au hukumu ilipatikana kwa udanganyifu, au inapingana na misingi ya nchi. Akishindwa hayo, hukumu ya Dar es Salaam inakazwa Nairobi kama ya Nairobi. Ndiyo maana wakili mzoefu anahangaika sana na wito. Ukipewa hukumu dhidi ya mtu ambaye hakufikishiwa samansi kwa utaratibu, umepewa karatasi.

Lakini orodha ya Kenya ni fupi. Imo Australia, Malawi, Seychelles, Tanzania, Uganda, Zambia, Uingereza na Rwanda. Basi. Burundi haimo. Kongo haimo. Sudan Kusini na Somalia hazimo. Mfanyabiashara wa Bujumbura au Bukavu aliyeshinda kwao, akifika Nairobi inabidi afungue shauri jipya, hukumu yake ya kwanza akiitumia kama ushahidi wa deni. Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2016 ilikubali kwamba njia hiyo ipo, na ni jambo jema. Lakini ni kesi nyingine, na wakili mwingine, na ada nyingine. Australia iko mbali na Mombasa kuliko Bujumbura kwa maelfu ya kilomita, na bado hukumu ya Sydney inaingia Kenya kwa urahisi kuliko ya Bujumbura.

Na kabla hujaniuliza kuhusu Arusha: Mahakama ya Afrika Mashariki si mahali pa kumshitaki mdeni wako wa Kampala. Ile inatazama kama serikali imevunja mkataba wa Jumuiya, na una miezi miwili tu ya kwenda tangu kitendo kutokea au tangu ukijue. Walioshitaki kuhusu bomba la mafuta la kutoka Hoima kwenda Tanga waliambiwa Novemba 2023 kwamba wamechelewa, kesi ikatupwa bila hoja za mazingira kusikilizwa kabisa. Miezi miwili, msikilizaji. Wengine huchukua muda huo kupata tu nakala ya mkataba.

Kumbe tunaweza kupanga mambo tukiamua. Dereva wa lori akitoka Dar es Salaam kwenda Kigali au Lusaka huwa na kadi ya njano ya bima, mpango wa COMESA. Akigonga mtu ng'ambo ya mpaka, bima ya kule inashughulika na aliyeumia, kisha inadaiana na bima ya huku. Aliyegongwa hahitaji kujua Tanzania ina sheria gani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini mpango huo wa kadi haikuuacha, kwa sababu unafanya kazi. Kama tumeweza kwa bampa na mguu uliovunjika, sioni kwa nini tusiweze kwa hukumu.

Wale mnaofanya biashara ya kuvuka mpaka, nina ombi dogo. Msiweke sahihi kwenye mkataba kabla ya kusoma kile kifungu cha mwisho mwisho kinachosema mgogoro utasikilizwa wapi na kwa sheria ya nchi gani. Watu hukiruka kwa sababu siku ya kusaini wote mnacheka. Mkiweza, wekeni usuluhishi, maana uamuzi wa msuluhishi unavuka mipaka kirahisi kuliko hukumu ya jaji: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye mkataba wa New York wa 1958 wa kutambua maamuzi hayo. Na kabla ya kumkopesha mtu wa ng'ambo, uliza ana nini, na kiko wapi.

Kwa waheshimiwa wa Nairobi nina neno moja. Nchi kuongezwa kwenye orodha ile ya hukumu hakuhitaji kubadili katiba wala kura ya maoni. Sheria inampa waziri uwezo wa kuitangaza nchi nyingine kwa amri yake, pale nchi hiyo nayo inapokubali kuzitambua hukumu za Kenya. Kongo imo kwenye Jumuiya tangu 2022 na Burundi tangu 2007. Kaeni na wenzenu wa Bujumbura na Kinshasa, mkubaliane, waziri aandike tangazo.